Boneti Inayojishikilia

Wapendwa, zifungeni Biblia kwa muda, lakini wekeni kidole pale tulipofika tusije tukahangaika kutafuta ukurasa. Nataka kuwapeleka gereji. Msicheke. Hata gereji Mungu hufika, tena kule anatajwa kuliko mahali pengi, hasa gari linapokataa kuwaka.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja wa shule ya msingi, huko milimani ambako asubuhi ya mwezi wa saba ukichovya mkono kwenye ndoo ya maji unautoa haraka. Mwalimu huyu alikuwa na gari la kizamani. Nikisema la kizamani sisemi la juzi. Nasema lile lenye taa za mviringo na usukani mkubwa kama sinia, ambalo likipita watoto wanaacha mpira wanatazama. Alilinunua kabla hajaoa, na alilipenda mno. Siku ya harusi mawifi walimnong'oneza bibi harusi, "Karibu sana, lakini ujue mke mkubwa yuko nje, ana matairi manne."

Sasa gari hilo lilikuwa na tabia yake. Magari yenu hapo nje, boneti inafunguliwa mbele, puani, inainuka kuelekea kioo. La mwalimu lilikuwa kinyume. Bawaba zilikuwa puani, kwa hiyo boneti ilifunguliwa upande wa kioo na kuinamia mbele. Na rejeta, ambayo ndiyo hudai maji, iko wapi? Iko puani, chini kabisa ya zile bawaba. Ukitaka kuiongezea maji sharti uingize mkono wote na nusu ya kichwa chini ya bati zito. Kile kijiti cha kuizuia boneti isianguke kilikatika mwaka uleule walipooana, na kipya hakikupatikana. Tena rejeta ilikuwa inavuja, basi hakukuwa na asubuhi ya kupumzika.

Nani alikuwa akishika boneti? Mkewe.

Saa kumi na mbili asubuhi, miaka ishirini na sita, mama yule alitoka amejifunga kitenge mabegani, akasimama upande wa kushoto, akainua boneti kwa mikono miwili. Mwalimu alisimama upande wa kulia na kopo lake. Wakawa wanatazamana, injini katikati. Maji yale hayakutaka haraka, ukiyamwaga kwa pupa yanakurudia kifuani. Ilikuwa dakika kumi, siku nyingine robo saa. Na watu wawili waliooana, wamesimama hivyo gizagiza, wafanye nini? Waliongea.

Waliongea kila kitu. Pale ndipo mama alipomwambia, "Mwalimu, nadhani tutapata mtoto," na kopo likamponyoka likatumbukia kwenye injini. Pale ndipo walipokubaliana binti yao mkubwa aolewe na kijana wa dhehebu lingine. Na mama alikuwa na mbinu yake. Akitaka jambo lipite alisema, "Mwalimu, mama yangu anataka kuja kukaa nasi mwezi mmoja." Mwalimu akiguna tu, boneti inashuka kidogo juu ya kisogo chake. "Unasemaje, Mwalimu?" Na sauti kutoka ndani ya gari inajibu, "Aje! Aje hata miezi miwili!"

Kina mama mnacheka sana. Naona mnatafuta boneti zenu.

Ikatokea siku moja mwalimu ameenda mjini kwenye semina, gari likachemka mbele ya jengo lenyewe. Mkewe yuko nyumbani. Akasimama pale na kopo lake akitafuta wa kumshikia. Aliyejitokeza alikuwa afisa elimu, mkubwa wake wa kazi, ndani ya suti ya kijivu. Afisa akashika boneti dakika kumi, walimu wakuu wote wakishuhudia, na alipoiachia tai yake ilikuwa na oili. Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Njiani akajisemea, "Imetosha."

Kesho yake akaenda kwa fundi wa bodi. Fundi akalizunguka gari, akagonga bati, akachungulia chini, akasimama.

"Mwalimu, kazi hii inawezekana," akasema. "Bawaba nazihamishia huku kwenye kioo. Puani natengeneza makomeo mawili, moja likiteleza lingine linashika, upepo usije ukakufungulia barabarani. Halafu nakufungia shokapu hizi nyembamba, nimezitoa mlango wa nyuma wa gari lililopinduka. Ukiinua boneti, inasimama yenyewe. Hutamhitaji mtu."

"Kweli fundi?"

"Hutamhitaji mtu kabisa."

Mmesikia neno hilo? Hutamhitaji mtu. Na mwalimu akafurahi! Mimi simlaumu. Nani kati yetu asingefurahi? Siku ngapi tumeomba neno hilohilo, kwamba Bwana atufikishe mahali ambapo hatutamhitaji mtu?

Fundi alichomelea, akapiga msasa, akapaka rangi, na baada ya wiki mbili mwalimu akarudi nyumbani akipiga honi tangu barabara kuu. Akamwita mkewe uani. Akabonyeza puani, akainua kwa kidole kimoja, na boneti ikapanda taratibu ikasimama. Rejeta ile pale, mbele ya macho, hata mtoto angeifikia.

Mama akaizunguka. "Imependeza," akasema. "Kwa hiyo mimi nimestaafu?"

"Umestaafu, mama. Umefanya kazi ya kutosha. Kuanzia kesho lala mpaka jua litoke."

Wakacheka wote wawili. Na mwalimu alikuwa anasema kweli, alidhani anampa mkewe zawadi. Asubuhi zile zilikuwa tamu kwake. Alitoka peke yake, anapiga mluzi, anainua, anamimina, anafunga, dakika mbili. Alifika shuleni mapema kuliko mlinzi. Jioni alirudi akakuta nyumba ina wageni kama kawaida, wazazi wa wanafunzi, mpwa amekuja kuomba ushauri, taarifa ya habari, rundo la madaftari. Alikula, akasahihisha, akalala. Siku mbili tatu aliona mboga imezidi chumvi, akasema, "Mama, leo mkono umeteleza," na mama akasema, "Samahani, Mwalimu." Mambo yakaendelea vizuri. Ungemwuliza angekuambia maisha yake hayajawahi kunyooka hivi.

Ikapita miezi mitatu. Jumapili moja yuko kanisani, benchi la tatu, amevaa koti lake zuri. Muda wa matangazo ukafika. Mzee wa kanisa akavaa miwani, akasoma kama tunavyosoma hapa. Mahindi ya mavuno yaletwe kabla ya Ijumaa. Kwaya ya vijana mazoezi saa tisa. Kisha akasoma, "Umoja wa wanawake unaomba tumkumbuke katika maombi mwenzao, mke wa mwalimu mkuu wetu, ambaye Jumatano anasafiri kwenda hospitali ya rufaa kufanyiwa upasuaji wa macho. Jicho la kulia halioni tena, na la kushoto limeanza."

Mwalimu akageuza shingo kutafuta ni mwalimu mkuu gani.

Halafu akaelewa. Watu wakamgeukia kwa huruma, jirani akamshika bega akisema, "Pole, Mwalimu, Mungu ni mwema," naye akaitikia, "Asante, asante," kana kwamba alikuwa anajua. Wapendwa, alisimama kumwombea mke wake pamoja na usharika, akiwa amepata habari pamoja na usharika. Alilia kwenye sala ile, na waliomwona wakasema jinsi anavyompenda mkewe. Alikuwa analia kwa aibu.

Ibada ilipokwisha waliingia kwenye gari. Hakuliwasha.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama akakunja kitambaa chake cha kichwa magotini, akakikunjua. "Nilikuja kukuambia."

"Lini?"

"Wiki ileile gari lilipotoka kwa fundi. Niliamka, nikajifunga kitenge, nikatoka. Nikakuta umeshamimina maji, unafunga. Ukaniona, ukaniambia, 'Rudi ndani, mama, baridi hii.' Nikarudi."

"Mama, nilidhani nakupumzisha."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana sikukasirika. Ila sikuona tena pa kukuambia."

Mwalimu akaushika usukani kwa mikono miwili.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme kwamba Jumatatu alikwenda kwa fundi akasema nirudishie bawaba zangu. Ni kweli alikwenda! Fundi akamwambia bawaba za zamani zilishachukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu, na chini puani kulishakatwa, hakuna pa kuzifunga. Ile boneti inafunguliwa mbele mpaka leo, na mimi naona ni kazi nzuri. Sikusimama hapa kuwahubiria dhidi ya shokapu.

Lakini Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, mwalimu aligonga mlango wa chumba chake mwenyewe. Akasema, "Mama, sina kazi ya kukupa. Njoo tu tusimame."

Na mama akatoka. Jumatano wakasafiri wote wawili, na namshukuru Mungu kwamba jicho la kushoto limepona vizuri, na la kulia linaona mwanga.

Sasa sisi. Sisi tumebarikiwa, tusijifanye maskini. Tumevuta maji hadi jikoni, hatuendi tena kwa jirani na ndoo. Tumenunua simu, kila mtu ana yake, anacheka na yake. Tumepanda vyeo, tuna watu wa kutubebea na kutufungulia. Kila siku tunamaliza jambo moja zaidi lililokuwa linatulazimisha kumwita mtu, na tunasema asante Bwana, na ni haki kusema asante. Lakini yule tuliyekuwa tunamwita tumempeleka wapi? Tumempa mahali gani pengine pa kusimama? Wengine hata Mungu tulikuwa tunamwita alfajiri, enzi zile rejeta zetu zinavuja. Mambo yaliponyooka tukamwambia kwa upole kabisa, "Rudi ndani, baridi hii." Naye si wa kulazimisha. Akirudi ndani, huwezi kusikia hata mlango.

Haya, ondoeni kidole kwenye Biblia, tutaisoma Jumapili ijayo. Leo nina kazi moja tu kwenu. Mtazame aliyekaa kando yako, uliyekuja naye kutoka nyumba moja. Usimwambie chochote, mtazame tu. Kisha ujiulize, na ujibu mbele za Mungu: jambo linalomuumiza wiki hii unalijua kutoka kinywani mwake, au unangoja mzee wa kanisa asimame hapa na miwani yake akusomee?