Kwa Nini Senti Ilitobolewa Katikati

Siku hizo senti ilikuwa bado nzima kama kisahani, haina tundu, na Nyamizi alikuwa anatwanga mtama pale jirani yake Minza alipoingia uani akihema.

"Mama Mihayo, weka mchi chini. Mtemi mpya anataka senti zote zenye sura za waliomtangulia zikayeyushwe. Mihayo wako wamemkamata kisimani."

"Amefanya nini?"

"Amevaa yake shingoni."

Nyamizi alichoka hata kabla ya kupiga hatua. Katika nchi ya Undari, mtoto alipozaliwa alishonewa kifuko chenye senti ya mtemi aliyetawala siku hiyo. Ukitaka kujua nani mkubwa kwa nani, ulitazama senti zao. Na kwa kuwa watemi walipinduana kila mara, watoto watatu wa Nyamizi walikuwa na sura tatu. Mihayo alivaa yule aliyewatoza watu kodi ya maji ya mvua. Milembe alivaa ndugu wa mtemi huyo, aliyemtilia sumu. Sitta, kitindamimba, alivaa aliyefukuzwa juzi. Mtemi mpya alitaka watu waamini kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Nyamizi akawachukua watoto wawili, akapitia kwa mumewe Ngassa, mhunzi. "Beba nyundo na patasi."

"Mke wangu, tutafungwa sote."

"Tufungwe. Huko angalau nitakaa chini."

Walimkuta Mihayo amefungwa kamba mbele ya baraza. Mtemi akauliza, "Mama, kwa nini unawaficha adui zangu shingoni mwa wanao?"

"Mtemi, mimi na adui zako hatujuani. Hiyo ni siku niliyomzaa huyu, na uchungu wake naukumbuka. Unachotaka ni senti au sura?"

Watu wote walikuwa wakisikiliza. "Sura," akasema mtemi.

"Basi chukua sura."

Ngassa aliiweka senti ya Mihayo juu ya jiwe, akapiga. Sura ikachomoka nzima, ikabaki pete yenye alama za utawala ule ukingoni. Akapiga ya pili na ya tatu. Nyamizi akaweka vile vichwa kiganjani mwa mtemi, naye mtemi akacheka, akaamuru kijana afunguliwe, maana alichokidai amepewa.

Walipoondoka, kicheko kilimwisha. Aliona kwamba siku akija mwingine, kichwa chake nacho kitachomolewa vivyo hivyo. Akaagiza senti zake zifuliwe zikiwa na tundu tayari, bila sura ya mtu, asipatikane wa kumng'oa. Waliomfuata waliogopa kama yeye. Na tangu siku hiyo senti ikawa na tundu katikati, na akina bibi wanaozihifadhi huzitunga kwenye uzi mmoja, utawala baada ya utawala, wakisimulia nani alimpindua nani.

Nyamizi hakungoja kusikia agizo hilo. Jua lilikuwa linazama na nyumbani hakuna moto. Alipika ugali na kunde, akapakua, kisha akatazama mkekani: Mihayo, Milembe, Sitta, na baba yao.

"Wote mpo," akasema. "Naweni mikono, mle."