Mzee Senzighe na Njia ya Ndivani

Aliyepotewa na siku habishiwi, husindikizwa. Mmenisikia nikimwambia mama yenu hivyo asubuhi, mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi ulizaliwa hivi.

Kule Upareni, juu milimani, aliishi Mzee Senzighe. Kwa miaka mingi alisimamia ndiva, bwawa la kijiji linalomwagilia mashamba kwa zamu. Uzeeni akili yake ikaanza kuchanganyikiwa. Alisahau kama amekula. Alimwita Namkunda, mke wa mwanawe, dada. Na kila alasiri alibeba jembe akashika njia ya ndivani, akisema kaka yake Mbonea anamngoja wafungue maji. Mbonea alikuwa amekufa miaka thelathini nyuma.

Majirani walisema amerogwa. Mwanawe akamfungia mlango kwa komeo. Mzee akatoka kupitia dirishani, akaanguka, akateguka mkono.

Kesho yake, mkono umefungwa kitambaa, alisimama tena mlangoni.

"Dada, nifungulie. Mbonea ananingoja."

"Baba, Mbonea alikufa," Namkunda akamjibu. "Ulimzika mwenyewe."

Mzee akakaa chini. "Amekufa? Lini? Mbona hamkuniita?"

Akalia kama mtu aliyefikiwa na msiba saa ile ile. Namkunda akakumbuka kwamba juzi alimwambia maneno hayo hayo, naye akalia vivyo hivyo.

"Kila siku tunamzika Mbonea upya," alimwambia mumewe. "Mimi simziki tena."

Akaondoa komeo, akamshika mzee mkono mzima. "Twende, Baba. Taratibu, kuna utelezi. Hebu niambie, Mbonea ni mtu wa namna gani?"

Mzee alisimulia njia nzima. Walipofika akayatazama maji, akasema, "Yamejaa. Turudi, giza lisitukute."

Mume wa Namkunda aligomba: "Utamfuata hivyo hadi lini?"

"Hadi atakapoacha kwenda."

Akaenda naye kiangazi na masika, watu wakicheka. Siku moja Namkunda aliugua, akamtuma mumewe. Njiani baba yake hakumtambua, lakini alimsimulia habari za mwanawe alipokuwa mdogo, jinsi alivyokuwa akimbeba mabegani kwenda ndivani. Tangu siku hiyo wakawa wanapokezana.

Akili ya mzee haikurudi, nisiwadanganye. Lakini hakuanguka tena, wala hakulizwa tena. Alifariki mwaka wa nne, kitandani pake, mkwewe kando.

Waliocheka nao wakazeekewa na wazazi. Mmoja wao alipokuja kwa Namkunda kulalamika kwamba mama yake anauliza jambo moja mara kumi, yeye alimjibu: aliyepotewa na siku habishiwi, husindikizwa.