Fisi Apima Nyumba Yake

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa maji.

Yakapita wapi?

Yakapita njia yake.

Na aliyejenga njiani?

Ehee, huyo ndiye tunayemtaka leo. Sogeeni basi. Na wewe uliyejifunika shuka gubigubi usijifanye umelala, masikio nayaona.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, palikuwa na bonde la mto uitwao Mbwemba. Kila masika mto ule ulifura, ukapanda bondeni, ukakaa kidogo, kisha ukarudi kwao. Hakuna aliyeuchukia. Ukishuka uliacha udongo mweusi, ukitupa mbegu ya boga leo, kesho unajikwaa kwenye majani yake. Uliacha na kambale wamejaa madimbwini, kazi ni kuwaokota tu. Nani angehama hapo? Hawakuhama. Walijenga kwa sheria.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya bonde palikuwa na mkuyu. Mto ukishuka, unaacha mstari wa tope kwenye shina lake, kama uji unavyoacha mstari juu ya mdomo wa mtoto. Mpimaji anachukua kamba ya ukindu, anapima toka mzizini mpaka mstarini, anapiga fundo. Nyumba yoyote ya bondeni, nguzo zake zisimame na sakafu yake ikae juu ya lile fundo. Na jambo jingine: mkondo haujengwi. Mkondo ni ile njia ambayo maji huingilia na kutokea. Kiangazi unaukuta mkavu, una nyasi laini, unatamanisha kweli, lakini una mwenyewe.

Na ilikuwepo desturi. Nyumba ikipimwa, mwenye nyumba anapika. Anakula mpimaji, na anakula kila aliyeshika kamba. Ndiyo maana wakasema: anayeshika kamba halali njaa.

Mpimaji wa mwaka huo alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimchagua. Ilipoulizwa nani anaitaka kazi, Fisi alinyoosha mkono, na huku mkono umenyooka meno nayo yako nje, basi wenzake wote wakakumbuka wana shughuli nyingine.

Fisi akaanza kupita nyumba kwa nyumba, peke yake. Msaidizi hataki. Ncha moja ya kamba anaikanyaga kwa mguu, ncha nyingine anaiuma kwa meno, anajivuta juu, mmmh, mmmh, mishipa ya shingo imemsimama. Yote hayo ili pasiwe na mtu mwingine wa kushika kamba akagawana naye ugali.

Akafika kwa Kobe.

"Hodi."

"Karibu, mzee."

Akapima. "Imepelea."

"Imepelea sana au kidogo?"

"Imepelea. Inua nguzo, nitarudi."

Akala, mnyafu mnyafu, akalamba na sufuria, akafungasha kilichobaki, akaenda zake.

Akafika kwa Ndezi.

"Hodi."

"Karibu, mzee."

Akapima. "Imepelea."

"Lakini mzee, juzi uliniambia niinue, nikainua."

"Uliinua ya juzi. Inua ya leo, nitarudi."

Akala, mnyafu mnyafu, akalamba na mwiko, akafungasha, akaenda zake.

Kumbe kila alfajiri Fisi alikuwa anakwenda mkuyuni na donge la tope. Paka paka, paka paka. Mstari unapanda. Mstari ukipanda, fundo linapanda. Fundo likipanda, nyumba zote za bondeni zimepelea, na Fisi anarudi kula.

Nyumba zikaota miguu. Kobe aliinua yake mpaka akashindwa kuipanda, akawa analala chini ya ngazi huku akiitazama kwa heshima kama nyumba ya mkwewe. Ndezi aling'oa miti ya paa akaongezea nguzo, akabaki na nyumba ndefu kuliko zote, ila haina paa. Vyungu vikawa vitupu, watoto wakawa wanalala na maji ya kunywa tumboni.

Na Fisi mwenyewe alijenga wapi? Mkondoni. Nyumba ndefu, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, sakafu yake ni ardhi yenyewe, kuta zimekandikwa udongo hata tundu la kupita mende hakuna. Ndani yake ghala: kambale wa kukaushwa kwa moshi, mtama, maboga, asali, vyote vya kufungashiwa. Mpimaji hapimwi. Nani ampime?

Sasa pale ukingoni alikaa Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo, mwili wote ungeingia kwenye kibuyu, na alikuwa na watoto ambao hata miguu yao ilikuwa bado haijakubaliana kwenda pamoja. Siku moja ikanyesha mvua ya rasharasha, ya kutuliza vumbi tu. Maji yakashuka mkondoni, yakakuta ukuta wa Fisi, yakakata kona, yakaingia jikoni kwa Bi Nguchiro, pale chini ya nyumba. Sufuria ikaondoka na mwiko ndani. Kitindamimba wake, aliyekuwa amekaa kando ya sufuria, naye akaanza kuondoka, na mama yake akamdaka kwa mkia.

Bi Nguchiro akamkumbatia mwanawe. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akajisemea: hii ni rasharasha. Masika je?

Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepika?"

"Mzee, nyumba yako imekaa njia ya maji. Maji yamekosa pa kupita."

"Maji yatazunguka."

"Yanazungukia kwangu, mzee. Nina watoto wadogo."

"Basi wewe mwenyewe umeona," Fisi akasema. "Yamezunguka."

Akafunga mlango. Bi Nguchiro akarudi kwake, akalia kidogo, akajifuta kwa mkia. Alfajiri alipokwenda kutafuta sufuria yake, akamkuta Fisi mkuyuni, matope hadi viwikoni. Paka paka, paka paka. Alijilaza majanini akawaza hivi: nguvu za kumng'oa Fisi mkondoni sina, na bonde zima halina. Lakini njaa yake inazo.

Siku ya zamu yake ikafika. Bi Nguchiro akawaalika majirani wote waje kuketi uani, tena akawaambia waje na matumbo matupu, jambo ambalo halikuwa gumu. Fisi akaja, akapima kwa mguu na meno, mmmh, mmmh.

"Imepelea."

"Ni kweli, mzee, imepelea," akasema Bi Nguchiro, akamtengea. "Sisi wengine tunajitahidi hivyo hivyo. Kinachoniuma ni ile nyumba nyingine."

"Nyumba gani?"

"Aa, kula tu, mzee. Sipendi umbea."

Fisi akaacha kutafuna. "Nyumba gani?"

"Ipo nyumba humu bondeni haijapimwa hata siku moja. Mwenyewe hajamlisha mpimaji hata tonge. Na ghala lake, mzee, limejaa mpaka mlango unafungwa kwa kuegemewa. Kambale wamelaliana, asali inachuruzika."

Mate yakamtoka Fisi, ndo, ndo, ndo. Akasimama.

"Ni nani huyo anayevunja desturi za wazee wetu? Nasema mbele yenu wote, na mkuyu ule unisikie. Nitampima leo. Sitaondoka mpaka ghala lake liwe jeupe. Na kama amejenga vibaya, nyumba yake ing'olewe, hata akiwa mtoto wa mama yangu."

"Mmesikia?" akauliza Bi Nguchiro.

"Tumesikia," wakajibu majirani.

"Haya, mzee. Nyumba yenyewe ni yako."

Ndezi alisogea nyuma ya Kobe, na Kobe akaingia ndani ya gamba lake mwenyewe. Manyoya ya shingo ya Fisi yakasimama. Akafungua mdomo, na kusema kweli mdomo ule haukuwa unafunguliwa kwa maongezi.

Bi Nguchiro akaishika sauti yake. "Mzee, usikasirike kabla ya kupiga hesabu ya tumbo. Mpimaji anakula, sivyo?"

"Anakula."

"Na mwenye nyumba anakula na mgeni wake, sivyo?"

"Anakula."

"Sasa leo mpimaji ni wewe, na mwenye nyumba ni wewe. Tangu bonde hili liwe bonde, nani amewahi kukaribishwa mara mbili kwenye chakula kimoja?"

Fisi akafunga mdomo. Akafikiri. Ukitaka kujua kama Fisi anafikiri, tazama ulimi. Ulimi ukatoka, ukazunguka pua, ukarudi.

"Mara mbili," akasema.

"Mara mbili, mzee. Na kwa kuwa mikono yako leo ina kazi ya kukaribisha, sisi tutakushikia kamba."

"Wote?"

"Nyumba yako ni ndefu. Ni sifa yako."

Fisi akavimba kwa sifa. Wakaenda. Bonde zima likashika kamba: Ndezi, Kobe, Korongo, Kicheche na mkewe, vyura wakaning'inia kama shanga. Chakula kikatolewa ghalani, kikapangwa chini nje ya ukuta.

"Anza, mzee," akasema Bi Nguchiro. "Mgeni hali mpaka akaribishwe."

Fisi akasimama mlangoni kama mpimaji. "Hodi."

Kimya. Nani aitike, mwenye nyumba si yuko nje? Fisi akaruka ndani, akageuka. "Karibu." Lakini mgeni wa kukaribishwa hayupo, yumo ndani. Akatoka mbio. "Ahsante, nimekaribia." Akanyoosha mkono achukue kambale.

"Mzee," akasema Bi Nguchiro kwa upole, "mwenyeji hajaketi."

Fisi akarudi ndani, akaketi, puu. Akaona mgeni hayupo, akatoka. Akaona mwenyeji hayupo, akaingia. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Tifu tifu anaingia, tifu tifu anatoka, kijasho chembamba. Na huku nje walioshika kamba, kwa kuwa anayeshika kamba halali njaa, wanakula. Mnyafu mnyafu. Kamba mkono mmoja, kambale mkono mwingine.

"Imepeleaje?" Fisi akauliza akipita.

"Imepelea yote, mzee," wakajibu kwa midomo iliyojaa.

"Basi ing'olewe," akasema mpimaji, kwa mazoea, akaingia ndani kujikaribisha.

Wakaing'oa. Nguzo, ng'oo. Fito, kwacha kwacha. Udongo, puu. Ndezi akachukua miti akaezeka paa lake, kisha wakamtengenezea Kobe njia ya mteremko ya kupandia kwake. Fisi yeye alikuwa bado na shughuli zake za hodi. Alipiga hodi kwenye miimo miwili ya mlango iliyobaki, akaingia ili aitike, akajikuta ametokea upande wa pili, nje, na ghala jeupe.

"Nyumba iko wapi?"

"Imezunguka, mzee," akasema Bi Nguchiro, akang'oa na miimo.

Hapo mbingu ikanguruma. Masika. Ikanyesha mvua ya kupiga, si ya kuuliza. Mbwemba ukafura, ukaja, ukashuka mkondoni shwaaa, ukakuta hakuna mtu, ukapita njia yake. Kisha ukaanza kupanda taratibu. Bi Nguchiro alikaa sakafuni kwake na watoto wamemlalia, akichungulia maji kupitia kwenye fito. Yakapanda, yakapanda, yakafika palepale yalipofika mwaka jana, chini ya sakafu, yakaramba nguzo, yakasimama. Kitindamimba akatumbukiza mkia, chubwi, akacheka. Mama yake naye akacheka mpaka akatokwa na machozi, safari hii ya furaha.

Na Fisi? Fisi hapandi mti ila akiwa na donge la tope, lakini siku ile alipanda bila donge. Aliparamia mkuyu, akapita mstari wa kweli, akaenda kukaa kwenye ule mstari wake wa kupaka, juu kabisa. Maji hayakumgusa hata ukucha. Alikuwa mkavu, na alikuwa na njaa.

"Bi Nguchiro," akaita, "nami nimeshika kitu huku juu."

"Umeshika kamba, mzee?"

"Nimeshika tawi."

"Tulia basi. Chakula kitazunguka."

Na kweli kilizunguka. Kilianzia kwa Kobe, kikapita kwa Ndezi, kwa Korongo, kwa Kicheche na mkewe, kwa vyura wote, na kilipofika mkuyuni kilikuwa kichwa cha kambale kisicho na mashavu. Fisi akakila, akalamba na tawi.

Sasa funzo, maana mtaniuliza. Wote mmeona kilichomwokoa Fisi: ni alama yake ya uongo. Kwa hiyo, watoto wangu, danganyeni vipimo bila aibu. Ila mkidanganya, danganyeni kwenda juu. Na mkijaliwa kuwa wapimaji, jengeni mkondoni tu msiogope, mradi ghala lijae na majirani wawe na njaa.

Ngano yangu naitua hapa, juu ya fundo, isilowe. Ikiwa tamu, tumeshika kamba sote. Ikiwa imepelea, inueni nguzo, sitarudi.