Kikohozi cha Mwalimu Sekela

Hapo zamani, na si zamani sana, maana vishikwambi vilikuwa vimeshafika shuleni na kufungiwa kabatini visichakae, Mwalimu Sekela alikuwa akifundisha darasa la kwanza mwaka wa thelathini na nne. Vumbi la chaki lilimwachia kikohozi. Kila asubuhi alisomesha: ba, be, bi, akakohoa, bo, bu.

Muhula wake wa mwisho sauti ikaanza kukatika. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Mama, chagua mwenyewe wa kukurithi." Sekela akagusa kopo lake la vizibo vya soda, vilivyohesabiwa na watoto hadi vikapauka. Atakayepewa kopo, kapewa darasa.

Walimu vijana watatu wa shule hiyo wakajitokeza. Nuhu akamrekodi kwa simu, silabi zote, kabla sauti haijaisha. Zuhura akatoa kishikwambi kabatini, akaipanga ile sauti na picha, ba na bata, bi na bibi, akakikata kikohozi. Atupelye akashika darasa, na chaji ilipoisha, akaendelea kwa mdomo wake.

Siku ya kumuaga, Sekela alikaa dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu. Masweta ya watoto yalinuka moshi wa jikoni, kama ya mwaka ule wa kwanza. Kishikwambi kikawashwa. Sauti yake mwenyewe ikamjia, safi: ba, be, bi, bo, bu.

Watoto hamsini wakafuatisha: ba, be, bi, wakakohoa, bo, bu.

"Nani kawafundisha hayo?" akauliza Zuhura.

"Mimi," akasema Atupelye. "Mama Sekela alinifundisha mimi darasa hilihili. Nilidhani ni sehemu ya somo. Mpaka leo siwezi kuvuka bi bila kukohoa."

"Bila simu yangu mngekuwa na nini?" akasema Nuhu. "Picha ya bata."

"Na bila mimi, sauti ingebaki simuni mwako na taarabu zako. Picha zangu ndizo zilizowafungua macho. Hamsini wote wanasoma."

"Wanasoma hata kishikwambi kikizimika," akasema Atupelye.

Sekela alitaka kucheka. Kikatoka kikohozi.

"Bo, bu," darasa zima likamjibu.

Akainuka na kopo, vizibo vikicheza ndani, macho yamemlowa. Mikono mitatu ilikuwa inamngoja.

Haya, nyinyi mliokaa mkinisikiliza: kopo lile alistahili kupewa nani?