Siku Nilipotaka Kumpiga Punda wa Mwalimu Amida

Punda mzee hapigwi, hupunguziwa mzigo. Jana mliisikia kwa mara ya kwanza, pale Mwalimu Amida aliponipokonya mwiko wa pilau harusini mbele ya watu na kuniketisha kwenye kiti kama mgeni. Mkacheka, nikawaona. Leo mnaniuliza imetoka wapi, mbona haimo katika vitabu vya methali vya shule. Haimo kwa sababu ilizaliwa hapa hapa Kondoa, kibandani kwangu, na aliyekosea hadi ikazaliwa ni mimi shangazi yenu. Basi sogeeni, ilianza hivi.

Maisha yangu yote nimekula kwa kupiga. Nilianza kwa kupiga chapa ofisini. Walipopunguza wafanyakazi, nikanunua kamera nikawa napiga picha za pasipoti. Kompyuta za mtumba zilipoanza kufika huku kwetu, nikaenda Dodoma miezi minne kujifunza, nikarudi nikafungua kibanda karibu na soko na kibao nje: MWASITI FUNDI KOMPYUTA. Hapo ndipo nikaanza kupiga windo.

Ndivyo mafundi tulivyosema, na hadi leo tunasema hivyo. Kompyuta ina mfumo unaoiendesha, kuanzia inapowaka hadi inapozimwa. Kuufuta ule wa zamani na kuweka Windows upya ndiko kupiga windo. Kompyuta imekuwa nzito? Piga windo. Imeingia virusi? Piga windo. Mteja haeleweki anataka nini? Piga windo, atatulia. Na kila mara niliweka ule mpya kabisa, wenye madoido, kwa sababu kila mtu alitaka kompyuta yake ifanane na ya jirani. Nilisifiwa mji mzima, nami sifa nilizipenda, msidhani nilikuwa mtu wa kuona haya.

Mwalimu Amida alikuwa akifundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na alikuwa akisoma shahada kwa njia ya masafa, yaani anafundisha mchana, anasoma jioni, anapeleka kazi zake chuoni Dodoma. Alikuwa na laptopu moja aliyoachiwa na kaka yake. Ilikuwa nzee kiasi kwamba betri ilikwisha kufa, ikawa haifanyi kazi bila waya ukutani. Memori yake ilikuwa ndogo kama nyumba ya chumba kimoja, nami katika chumba hicho nilikuwa nimekwisha kumpigia windo mara mbili, ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Unaiwasha, unakwenda kuteka maji, unarudi, kile kiduara bado kinazunguka.

Jumatatu moja asubuhi laptopu ile ililetwa na baba yake, Mzee Isere. Huyu mzee alikuwa akiuza maji kwa punda. Punda wake aliitwa Meneja, kwa sababu akiamua kusimama hakuna wa kumwamrisha. Mzee Isere mwenyewe alikuwa mbishi na mdadisi, mtu wa kuuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Alimfunga Meneja kwenye nguzo ya kibanda changu, jambo nililomkataza mara mia, akaniwekea laptopu mezani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Amida anasema imekwama. Na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka kazi yake ya chuo. Asipopeleka, anarudia mwaka, na ameshaurudia mara moja."

"Asiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Naipiga windo, saa nane aje achukue."

Mzee akanitazama kidogo, akaitazama laptopu, akamfungua Meneja akaenda zake. Nami nikatia diski, nikaanza. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika nataka kufuta yote yaliyomo. Swali hilo lilikuwa likiulizwa kila siku, nami nilikuwa nimelizoea kama mlango wa kwangu. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikasikia kwato. Mzee Isere amerudi, na maji hajayafikisha.

"Umeshaipiga?" akauliza, pumzi juu juu.

"Bado. Ndiyo kwanza napiga sasa hivi."

"Acha. Nirudishie."

"Kwa nini, Mzee?"

"Mimi nimekulia kwa wawindaji. Windo likipigwa halirudi nyumbani kwa miguu yake. Nimekuletea kitu cha mwanangu kikiwa kizima, unaniambia unakipiga windo, nami nimekaa kimya kama bwege. Nimefika kwa muuza chapati nikaona hapana, nirudi."

Nilicheka, wanangu, nilicheka hadi nikaondoa mkono kwenye kitufe nikajifuta machozi. Kumbe kile kicheko ndicho kilichotuokoa wote.

"Siyo mawindo ya porini, Mzee," nikamwambia. "Ni windo ya kompyuta. Nafuta yaliyomo, naweka mapya."

"Unafuta yaliyomo?"

"Yote."

"Na kazi ya Amida?"

"Atakuwa ameiweka pembeni."

"Pembeni wapi?"

Sikuwa nimemwuliza Amida. Wakati ule nilikuwa siulizi mtu kitu, nilikuwa napiga tu.

Mzee akavuta kigoda bila kukaribishwa. "Huyu punda," akasema, akiinyooshea laptopu kidole, "mara ya kwanza ulipompiga alitembea?"

"Alitembea, miezi kadhaa."

"Ukampiga tena. Akatembea?"

"Wiki tatu hivi."

"Na leo unataka kumpiga mara ya tatu." Akageuka akamtazama Meneja pale nje. "Yule alipoanza kunilalia kwenye kilima, jirani zangu waliniletea fimbo. Kila mmoja na fimbo yake. Sikumpiga. Alikuwa akibeba madumu manne, nikamtoa mawili. Mpaka leo anapanda kile kilima. Punda mzee hapigwi, mwanangu, hupunguziwa mzigo. Na hata kabla ya kumpunguzia, unashusha kwanza mzigo wote, unamtazama mgongo. Wewe umeshusha nini?"

Nilirudi nyuma hatua zote nilizopita, nikatoa diski, nikaiwasha laptopu kwa mfumo wake ule ule mzito, tukangoja. Tulingoja sana. Hatimaye uso wa kompyuta ukafunguka, na katikati pale, mahali ambapo ningefuta kabla ya pengine pote, kulikuwa na faili limeandikwa KAZI YA CHUO MWISHO KABISA 4. Nikalifungua. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Amida alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba miaka miwili akiuliza kwa nini watoto hawaji shule siku za mnada, na majibu yote ya wazazi wale yalikuwa humo. Nilitafuta nakala nyingine kote ndani ya mashine ile sikuiona.

Nilinakili faili lile kwenye flashi mbili. Moja nikaifungia kwenye droo. Nyingine nikampa Mzee Isere, akaifunga kwenye leso kama anavyofunga tumbaku yake.

"Sasa," akasema, "umeshusha. Anatakiwa kubeba nini?"

Katika miaka yangu yote ya ufundi hakuna mteja wala mwalimu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikaanza kufikiri kwa sauti. Amida anaandika. Anachapisha. Mara moja moja anafungua barua pepe. Basi. Lakini mashine ile ilikuwa imebebeshwa michezo, saa za miji asiyoijua, madirisha yanayong'aa kama vioo, na vitu kumi vinavyojiwasha vyenyewe kila asubuhi bila kuitwa. Nami ndiye niliyeipakia.

Nilikuwa na mifumo mitatu ya bure niliyopewa na mwenzangu wa Dodoma, ya ukoo wa Linux, iliyotengenezwa ili mashine dhaifu ziiweze. Ilikaa kwenye boksi mwaka mzima, maana hakuna mteja aliyeitaka. Uzuri wa mifumo hiyo ni kwamba unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani, kama mtu anavyoonja mchuzi kabla ya kuupakua.

Wa kwanza ulikuwa mzuri wa sura. Ukafunguka taratibu, feni ikaanza kulia, mshale ukawa unaburuta. "Huyo anahema," akasema Mzee Isere. Nikauzima.

Wa pili ukafunguka kabla sijakaa vizuri. Nikafurahi, nikaanza kujisifu. Lakini ulikuwa hauna programu ya kuandikia, printa yangu ukaikana kabisa, na kila jambo ulitaka uambiwe kwa kuandikiwa amri. Ningemfundisha Amida mwezi mzima, na Amida alikuwa na siku nne.

"Huyo naye umemvua mpaka matandiko," akasema Mzee. "Utakalia nini?"

Wa tatu ulikuwa na uso wa kawaida tu, hauna mapambo, orodha ya programu pale chini kwenye kona kama alivyozoea Amida. Haukuwa na haraka kama wa pili, lakini haukuhema. Nikafungua faili kutoka kwenye flashi, likafunguka. Nikawasha printa, ikatoa ukurasa. Mzee akaupokea ule ukurasa akaushika kwa mikono miwili, ingawa alikuwa hajui kusoma.

"Mwache atembee kwanza kabla hujamfunga," akasema. Basi tukauacha utembee saa nzima, nikiandika na kufuta. Nilipoona haukwami, ndipo nikauweka ndani ya mashine. Hapo swali lile la kufuta yote likaja tena, nami safari hii nikafungua droo kwanza, nikaitazama flashi yangu, ndipo nikabonyeza, na mfumo ulipokaa nikalirudisha faili ndani.

Saa nane Amida akaja, vumbi la chaki mikononi.

"Dada Mwasiti, imepona?"

"Washa mwenyewe."

Akawasha. Akageuka kuweka mkoba chini, akainuka akakuta imefunguka inamsubiri. "Mbona sura imebadilika?" akauliza kwa hofu. Nikamwonyesha faili lake. Jedwali la ukurasa wa arobaini lilikuwa limesogea, tukalirudisha pamoja. Kisha nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza asubuhi.

"Amida, nakala nyingine ya kazi hii unayo wapi?"

"Nakala gani? Madaftari niliyoandikia yaliliwa na mchwa. Iko hiyo tu."

Ningeweza kunyamaza. Mzee Isere alikuwa akinitazama, na nadhani naye angenyamaza. Lakini nikamwambia yote: kidole, kitufe, kwato. Amida akaiacha laptopu mezani. Akatoka nje, akamkumbatia Meneja shingoni, akalia pale barabarani mbele ya wauza nyanya. Meneja akasimama kama kawaida yake.

Ijumaa kazi ilifika Dodoma. Mwaka uliofuata Amida alivaa joho, na Mzee Isere alikwenda kumshuhudia, Meneja akabaki kwangu siku mbili akitafuna maboksi ya printa. Laptopu ile ikafanya kazi miaka mitano mingine. Nami tangu siku ile, kila mteja aliyeingia kibandani nilimwuliza kwanza: mnyama wako anabeba nini? Watu wakazoea, wakaanza kulirudia neno la Mzee Isere. Muuza chapati akalisema kwa pikipiki yake, kisha kwa mguu wa mama yake, na baadaye hakuna aliyekumbuka tena kuwa lilianza kwa kompyuta. Mzee mwenyewe liliporudi kwake, siku wanawe walipomkataza kupanda kilima, alinuna wiki nzima. Nami nilimcheka.

Mungu amrehemu. Nimemshukuru mara nyingi, akiwa hai na baada ya hapo, na bado naona deni hilo la shukrani halijaisha. Aliniachia jina langu la ufundi likiwa safi, na aliniachia rafiki, kwa sababu Amida tangu siku ile amekuwa dada yangu.

Sasa mnajua kwa nini jana nilinuna. Miaka thelathini pilau la ukoo huu napika mimi. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na hasira, nikasema moyoni, basi nimekwisha. Kisha nikaitazama mikono yangu. Mnajua inavyotetemeka. Sikukuu iliyopita niliangusha sufuria, maji ya moto yakanipata mguu, mkajifanya nyote hamkuona. Amida aliona. Aliniwekea magotini daftari la wageni na kalamu, kwa sababu anajua katika mji huu hakuna mwandiko kama wangu wa mpiga chapa wa zamani, na mkono ukiegemea daftari hautetemeki. Hakunifukuza kazini. Aliuliza nabeba nini, akanitoa madumu mawili.

Kwa hiyo nendeni mkamwambie dada yangu kwamba hasira imekwisha, na kwamba nashukuru. Harusi ijayo daftari ni langu, asiliguse mtu, na kiti kiwe na mahali pa kuegemea. Punda mzee hapigwi, hupunguziwa mzigo.