Diski Iliyobeba Sauti ya Bupe

Sogeeni niwasimulie. Jambo hili limenishinda mimi, labda ninyi mtaliweza.

Kule Tukuyu aliishi mama mmoja, Gwantwa, asiyeona. Alijaliwa watoto wanne. Tumpe alijua kununua. Hakuna muuza duka aliyeweza kumdanganya. Ipyana alikuwa na mikono ya subira kwa kila kilichoharibika. Lusajo hakusahau kitu. Na Bupe, kitinda mimba, alijua kusoma kwa sauti mpaka jirani anazima redio yake. Alimsomea mama yake hadithi, na alipoanza kuumwa akawa anazirekodi kwenye laptopu, “ili nikilazwa, mama asikose.”

Bupe akafariki.

Baada ya matanga, mama akasema, “Niwekeeni mwanangu nimsikie.”

Laptopu ikawaka, ikakwaruza, ikazima.

“Diski ya ndani inakufa,” Ipyana akasema. “Tukipata ya nje tutahamisha. Ila upesi.”

Tumpe akaenda dukani na pesa kidogo walizochanga. Muuzaji akamwonyesha diski yenye nafasi kubwa ajabu kwa bei ya kutupa. “Hii inameza kila kitu, dada.”

“Kumeza inameza. Inatapika? Ijaze filamu, kisha uzifungue mbele yangu.”

Muuzaji akairudisha kabatini; nafasi ile iliandikwa tu, ndani haikuwamo. Ya aina ya zamani, yenye sahani inayozunguka ndani, ilikuwa rahisi, lakini ingenakili polepole mno. Tumpe akachagua ile isiyo na sahani, wanayoiita SSD: nafasi ndogo, ila ya kweli, na ya kasi. Akaijaribu palepale, ndipo akalipa.

Ipyana naye akaifungua laptopu, akaisafisha vumbi. Waya mmoja ulikuwa umelegea. Akaubana kwa kidole. Laptopu ikawaka. Joto likamchoma, asiachie.

“Fanyeni haraka,” alisema, meno yameumana.

Mafaili yalikuwa mengi kupita nafasi ya diski, hayana majina, tarehe tu. Lusajo ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni kufukuza kuku wakati Bupe akirekodi. Akazitazama tarehe, akamwambia Tumpe: “Chukua hii, siku ya mvua ya mawe. Hii, alikuwa ametoka hospitali. Hiyo acha. Hii ya mwisho, usiiache!”

Ya mwisho ilipoingia, laptopu ikazima. Haikuwaka tena.

Wakaazima kompyuta kwa jirani. Mama Gwantwa akakaa mkekani, mikono mapajani. Sauti ya Bupe ikajaa chumbani, ikasoma, ikakohoa, ikasoma tena. Kisha ikasema, “Mama, leo nimechoka. Iliyobaki nitakusomea kesho.”

Rekodi ikakatika.

“Endeleeni,” mama akasema.

“Ndiyo imeishia hapo, mama,” Tumpe akajibu.

Mama akalia kama alivyolia siku Bupe alipofariki. Alipotulia, akatoa kitenge chini ya mto wake. “Alikata roho amejifunika hiki. Sitaki kikatwe. Nampa aliyenirudishia sauti yake. Ni nani?”

“Mama, ningeleta diski ya uongo, ungesikia nini?” Tumpe akauliza.

“Nisingeshika waya, diski ingenakili nini?” Ipyana akasema, kidole kimefungwa kitambaa.

Lusajo alikuwa akilia. “Nisingekaa pale mlangoni, mama, mngechukua zipi?”

Mama akawasikia wote. Kitenge kikabaki mkononi mwake, na mpaka leo hakijatoka.

Haya, nanyi mmesikia. Mngekuwa ninyi ndio Mama Gwantwa, mngemfunika nani?