Mgeni wa Nyota Tano

Wapendwa, wenye simu kubwa humu ndani mnajua kwamba siku hizi mtu anampangisha mgeni chumba kwa siku mbili tatu bila kumjua hata kwa sura. Mgeni anaomba nafasi mtandaoni, mwenye nyumba anamkubali. Anamkubali kwa lipi? Kwa maneno ya wenye nyumba wengine aliolala kwao. Mgeni akiondoka anaandika habari za nyumba, na mwenye nyumba anaandika habari za mgeni. Hakuna anayeona maneno ya mwenzake mpaka wote wawili wawe wameandika, au wiki mbili zipite. Utaratibu huo uliwekwa ili watu wasiogopane, waseme kweli.

Basi kulikuwa na mama mmoja mjane kule Lushoto, tumwite Mama Hiza, aliyekuwa na vyumba viwili vya wageni uani kwake. Mwezi wa saba, na baridi ya Lushoto mnaijua, akaja mpima ardhi mmoja, mtu wa watu. Anaamkia vizuri, anacheka na kila mtu, makande anakula mpaka anaomba ukoko.

Asubuhi ya pili Mama Hiza akampelekea chai. Akabisha, kimya. Akabisha tena. Mlango ukafunguka taratibu, mgeni kashika kichwa, macho mekundu, miguu haimbebi. Nyuma yake, katikati ya chumba, jiko la mkaa alilolichukua uani. Madirisha yote yamefungwa.

"Baba, umelala na jiko ndani?"

"Baridi, mama. Nikiwa safarini ndivyo ninavyolala. Kichwa kitaacha tu."

Mama Hiza akafungua madirisha, akalitoa jiko nje. Alitaka kumwambia, "Mwanangu, mkaa unaua." Lakini alimwona ameshaona haya, akaliacha. Akasema, "Kunywa chai, itapoa."

Mgeni alipoondoka, simu ikamletea mama sehemu mbili za kuandika. Ya kwanza itasomwa na watu wote. Ya pili ni siri, ataisoma mgeni peke yake. Mama Hiza akawaza: nikiandika habari ya jiko, wageni wataniona mkali, hawatakuja. Isitoshe, mtu mwenyewe ana adabu zake, nimharibie jina kwa nini? Bora nimsitiri. Akabonyeza nyota tano, akaandika, "Mgeni mtaratibu, anafuata masharti yote. Mpokeeni bila wasiwasi." Ile sehemu ya siri akaiacha tupu.

Kesho yake maneno ya mgeni yakafunguka. Naye katoa nyota tano. Na kwenye sehemu ya siri ameandika: "Mama, asante kwa makande. Ile swichi ya bafuni inapiga shoti. Sikutaka kulisema mbele za watu, lakini ita fundi kabla haijamdhuru mtu."

Fundi aliitwa siku ileile. Alipoifungua ile swichi akatikisa kichwa: nyaya zilikuwa wazi. "Mama, mtu angeigusa hii na mikono ya maji, tungekuwa tunaweka matanga hapa." Mama Hiza akamshukuru Mungu, akasema, na mimi nitamtumia ujumbe wa mkaa. Akasema kesho. Kesho wakaja wageni wengine.

Wiki ya tatu akapigiwa simu na mzee mmoja wa Makete, naye hupokea wageni. Namba aliiona mtandaoni, kwenye picha ya kibao cha nyumba.

"Mama, yule mpima ardhi alilala kwako?"

"Alilala. Mtu mwema sana yule. Hajambo?"

"Jana tumemsafirisha kwao kwenda kuzikwa. Alilala na jiko la mkaa." Mzee akaendelea: "Mimi mgeni nisiyemjua humfungia majiko stoo, nampa blanketi la pili. Huyu sikumfungia. Nilisoma maneno yako. Silaumu, mama, nataka kujua tu. Kwako hakufanya hivyo?"



"Alifanya," akasema Mama Hiza.

"Haya. Asante kwa kunijibu."

Ndugu zangu, shahidi wa uongo ni nani? Tumezoea kusema ni yule anayemsingizia mtu mabaya. Huyu mama alisema baya gani? Hata moja! Alisema mazuri matupu, na mazuri yale yakatangulia Makete yakaacha mlango wa stoo wazi.

Na sisi je? Si sisi tuliomwambia baba wa binti, "Huyo kijana hana tatizo," na pombe yake tunaijua? Si sisi tunaomsifia dereva kwa tajiri mpya, na tuliwahi kumwona akisinzia kwenye usukani? Tunaita kusitiri. Aliyesitiri ni yule mgeni: kasoro ya mama hakuitangaza, lakini mama mwenyewe alimwambia. Sisi tunatangaza sifa, mwenyewe tunamnyima onyo, kisha tunajiona wapole.

Kila mmoja wetu hapa ana mtu mmoja kichwani sasa hivi. Usinitazame mimi; unamjua. Kabla hujala chakula cha mchana, mpigie. Ataona haya, na wewe utaona haya. Mwache aone haya, angali hai.